Kamera Nne, Sikio Bovu: Utatuzi wa Simu Janja Inayosumbua Kupiga na Kupokea

Simu za siku hizi zinapiga picha mpaka ya mwezi, zinafunguka kwa kumwona mwenyewe usoni, zinahesabu hata hatua zako kutoka Magomeni mpaka Shangani. Sasa mpigie shangazi aliyeko Nanyamba. "Haloo? Haloo! Mwanangu sikusikii, hebu toka nje." Unatoka nje, unageukia barabarani, unapanda kwenye kichuguu, na shangazi bado anasikia mkoromo mtupu. Kitochi cha jirani, simu ndogo ya vitufe isiyo na hata kamera, kinaongea naye kama wamekaa jamvi moja.

Hakuna anayechagua simu dukani kwa kuisikiliza. Tunauliza kamera, tunauliza betri, tunauliza ina GB ngapi. Spika ya sikioni na maiki haziulizwi, ndiyo maana mtengenezaji anayetaka kubana bei anajua pa kubana. Hata hivyo usikimbilie kusema simu ni mbovu. Malalamiko mengi ya namna hii hapa kwetu kusini mwa Tanzania yanaishia kwenye uchafu, kava, mpangilio mmoja uliowashwa bila kujua, au mnara. Shida ni kwamba vyote hivyo vinatoa dalili moja, "haisikiki", na mtu analipia spika mpya wakati ugonjwa uko hewani.

Kwanza jua tatizo liko wapi

Chomoa laini, iweke kwenye simu nyingine, kitochi kikiwepo ni bora zaidi. Simama palepale, piga namba ileile. Kikisumbua vilevile, simu yako haina kosa: ni laini au mtandao wa eneo hilo. Kikiongea vizuri, kosa lirudi kwa simu janja. (Laini ndogo ukiivalisha adapta ili ienee kwenye kitochi, usiiache adapta ikaingia tupu. Ikinasa na ukaivuta kwa nguvu inang'oa meno ya ndani, na hapo umejiongezea ugonjwa wa pili.)

Jaribio la pili ni kuchomeka earphone zenye maiki na kupiga tena. Mkisikilizana vizuri, mtandao ni mzima na laini ni nzima; kilichochoka ni spika au maiki ya simu yenyewe.

La tatu, piga kwa WhatsApp bila earphone. Sauti ikiwa safi huko lakini simu ya kawaida inakoroma, basi spika na maiki ni nzima na unahangaika na mtandao. Hapa kuna jambo la kuelewa. Simu ya kawaida ya mtindo wa zamani inabeba sauti kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 na 3,400 tu. Herufi kama s na f zina nguvu yake juu ya hapo, ndiyo maana karani anaandika Halima wakati umemtajia Salima. Simu za WhatsApp, na zile za 4G nitakazozieleza mbele, zinabeba mpaka hezi 7,000 na zaidi. Kwa hiyo sauti ya kawaida kuwa butu kuliko ya WhatsApp si ugonjwa. Usiitafutie dawa.

"Nasikia kwa mbali sana"

Anza na ya kipuuzi. Vitufe vya sauti ukivibonyeza wakati huongei na mtu vinapandisha mlio au muziki. Sauti ya maongezi inapanda ukiwa kwenye simu yenyewe. Kisha angalia kama bluetooth imewaka. Simu iliyowahi kuunganishwa na sabufa ya nyumbani itapeleka sauti huko kila ukipita karibu, na wewe umeweka sikio kwenye kioo unahisi amekata. Angalia pia kama juu ya skrini kuna alama ya earphone wakati hujachomeka kitu: unyevu au takataka kwenye tundu vinaidanganya simu.

Kama si hayo, ni wavu. Juu ya kioo kuna mstari mwembamba wenye wavu ambao spika ya sikioni iko nyuma yake. Jasho, losheni na vumbi vinatengeneza utando pale, na protekta iliyobandikwa ikapanda juu kidogo inamalizia kazi. Lakini sisi tuna vumbi letu wenyewe.

"Shikamoo mzee."
"Marahaba mwanangu. Hii simu imekuwa kiziwi."
"Msimu wa kupulizia ulikuwa unaibeba wapi?"
"Mfukoni tu, hapa kifuani."

Hapo umeshapata jibu. Kuanzia mwezi wa tano au wa sita mpaka wa nane hivi, mikorosho ya Tandahimba, Newala, Masasi, Nachingwea na kwingineko inapuliziwa salfa ya unga kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Unga ule ni laini mno, unaingia kila mahali, na ukikutana na jasho unaganda kwenye wavu kama udongo. Mkulima anayemaliza msimu na simu ile ile mfukoni asishangae ikifika Septemba haisikiki. Dawa ya kuzuia ni mfuko wa nailoni tu. Ukishavaa barakoa yako, valisha na simu.

Kusafisha: zima simu, igeuze kioo kitazame chini ili uchafu uanguke badala ya kuzama, sugua taratibu kwa mswaki mkavu wenye nyuzi laini. Utando wa mafuta unaondoka kwa pamba yenye spiriti kidogo sana, yenye unyevu tu, isiyochuruzika. Usitumie sindano. Usipulize kwa mdomo, maana unaongeza mate kwenye tatizo la unyevu. Na wale wanaopeleka simu kwa mtu wa matairi ipigwe upepo wa kompresa, waache kabisa: presha ya kujaza tairi inapasua utando wa spika na wa maiki, na baada ya hapo mswaki hausaidii.

Simu nyingi zenye spika mbili zinatumia hiyo ya sikioni kama spika ya pili ya muziki. Cheza wimbo, ziba tundu la chini kwa kidole. Juu kukiwa kimya kabisa hata baada ya kusafisha, spika imekufa, na hapo fundi ana haki ya kukubadilishia.

"Mimi nawasikia, wao hawanisikii"

Simu janja ina maiki mbili, nyingine tatu. Ya chini, karibu na tundu la chaji, ndiyo inayochukua maneno yako. Ya juu au ya nyuma inasikiliza kelele za pembeni ili simu izipunguze kwenye sauti yako. Mpango huo ni mzuri mpaka maiki ya juu inapozibwa na kava la bei ya kutupa, au na kidole chako: simu haitofautishi tena kelele na mwenyewe, inaanza kula maneno. Mtu wa upande wa pili anasikia "...kuja ke...saa...". Kwenye upepo wa kivuko cha Msangamkuu inakuwa mbaya zaidi. Vua kava, piga tena. Ni jaribio la bure na ndilo linalosahaulika.

Kujua maiki ipi ni mgonjwa, jirekodi kwa kinasa sauti cha simu, halafu jirekodi video, halafu piga simu kwa laudi spika. Kinasa sauti kwa kawaida kinatumia ya chini. Video na laudi spika mara nyingi zinaiamsha ya juu. Ukisikika kwenye laudi spika na usisikike ukiweka sikioni, ya chini ina shida.

Na inapata shida namna gani? Mara nyingi kwa pini ya kutolea laini. Kuna tundu dogo chini ya simu linalofanana sana na lile la trei ya laini, na mtu anaingiza pini, anabonyeza kwa nguvu, trei haitoki. Hilo lilikuwa tundu la maiki. Trei ya laini ina mstari wa mfuniko unaoonekana kuizunguka. Tundu lisilo na mfuniko pembeni usiliguse.

Kwenye simu za Android 12 kwenda juu kuna pia kitufe cha kuzima maiki kwa programu zote, pale kwenye vitufe vya kushusha kutoka juu. Watoto wanakibonyeza. Kama husikiki WhatsApp na kwingine pia, tazama hapo kabla ya kushika bisibisi.

Shavu linalobonyeza

"Tulikuwa tunaongea vizuri, ghafla kimya." Mtandao haukukata: umejizima maiki kwa shavu. Karibu na spika ya sikioni kuna kihisi kinachotambua uso umekaribia, kinazima kioo. Kikizibwa na protekta au uchafu kinakosea kwa upande mmoja au mwingine: ama kioo kinabaki kimewaka na shavu linabonyeza, ama kinazimika moja kwa moja na huwezi kukata simu mpaka mwenzako akate.

Simu kadhaa za bei ya kati hazina kihisi halisi. Zinatumia sauti isiyosikika na sikio la binadamu kutoka kwenye spika na maiki, kupima kama kuna kitu karibu. Simu ya namna hiyo ikiwa na wavu mchafu inaleta magonjwa mawili kwa mpigo, na mswaki mmoja unatibu yote.

Kama shida ilianza mara tu baada ya kubadilisha kioo, rudi kwa fundi aliyekibadilisha. Kuna kiraka kidogo cha mpira kinachozunguka kihisi, na kikiachwa nje au kioo cha kuigiza kikiwa na tundu lisilolingana, hakuna mpangilio utakaokuokoa.

"Haiiti, nakuta watu wamenitafuta"

Hii ndiyo inayoleta hasara, hasa kuanzia Oktoba minada ya korosho ikianza. Karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anakupigia kwa namba usiyoijua, dereva wa fuso anakupigia kwa namba usiyoijua, na simu yako imewekwa inyamazishe namba zisizo kwenye orodha. iPhone ina mpangilio huo. Programu za kutambua wapigaji nazo zinao, na kuna zinazojifanya programu kuu ya simu ulipozisakinisha ukabonyeza kubali bila kusoma. Msimu wa mauzo, zima hicho kitu.

Halafu angalia Usinisumbue. Inaweza kuwekewa ratiba, ikajiwasha saa tatu usiku kila siku bila wewe kukumbuka ulivyoiweka. Angalia pia kiokoa betri, maana simu nyingine zikibana betri zinailaza hata programu inayoonyesha simu inayoingia: mlio unasikika, kioo cheusi, hujui upokelee wapi.

Usambazaji wa simu ni jambo jingine. Bonyeza *#21# upige. Itakuambia kama simu zako zinaelekezwa namba nyingine. Kuzifuta zote ni ##002#. Na mtu yeyote akikupigia akijifanya wa mtandao, akakutaka ubonyeze *21* ikifuatiwa na namba na alama ya reli (#), kata simu. Hapo anahamishia kwake simu zako zote, zikiwemo zile za kuthibitisha akaunti.

Kwenye simu ya laini mbili kuna kero ambayo si ubovu. Nyingi zina redio moja inayogawana laini mbili. Zinasubiri zote kwa pamoja, ila ukiwa unaongea kwenye moja, nyingine inapotea hewani. Anayekupigia anaambiwa haupatikani. Mfanyabiashara wa samaki mwenye laini ya wateja na laini ya nyumbani kwenye simu moja ajue kwamba kila akiongea na mkewe, duka limefungwa. Kama mtandao unakubali, elekeza laini hii kwenye ile pale inapokuwa haipatikani.

"Nikipiga, intaneti inakata, na kuita kunachelewa"

4G ilijengwa kubeba data. Maongezi ya kawaida hayakuwa na njia humo. Kwa hiyo simu iliyoko 4G ukiipigisha, inashuka kwanza kwenye 3G au 2G, inatafuta njia ya sauti huko, ndipo inaita. Zile sekunde za ukimya kabla ya mlio ndizo hizo. Ikishuka mpaka 2G, intaneti inasimama mpaka ukate. Ikishindwa kushuka vizuri, mtu anayekupigia anaambiwa haupatikani huku kwako mistari ya mtandao imejaa mpaka juu, na mnaishia kutuhumiana.

Suluhisho ni VoLTE, yaani maongezi yapite ndani ya 4G yenyewe. Inataka vitu vitatu vikubaliane: mtandao uwe nayo eneo lile, laini iwe imeruhusiwa, na simu iwe imewekewa na mtengenezaji maelekezo ya mtandao huo. Hicho cha tatu ndicho kinachowaangusha wenye simu zilizotumika kutoka Marekani, Japani au Dubai. Simu ni ya gharama, 4G inashika vizuri, video hazikwami, ila VoLTE haionekani kabisa kwenye mipangilio kwa sababu simu ile iliandaliwa kwa mitandao ya huko. Kabla ya kununua simu ya mtumba, ingiza laini yako mwenyewe, tafuta VoLTE kwenye mipangilio ya laini, piga simu huku ukiangalia juu: alama ya 4G ikibaki, iko sawa. Ikigeuka E (2G) au H (3G), haina.

Ikiwa haina na unaishi pembezoni, nakushauri uishushe mwenyewe. Nenda Mipangilio, mtandao wa simu, aina ya mtandao, chagua 3G au hata 2G kwa muda wa kusubiri simu muhimu. Utapoteza kasi, utapata simu. Masafa ya chini, kama yale ya megahezi 900 yanayobeba 2G, yanafika mbali na kupenya ukuta kuliko ya juu. Kijiji chenye mstari mmoja wa 4G unaokuja na kuondoka kinaiweka simu kwenye kuhangaika kutwa: inapanda, inashuka, inakata, inamaliza betri.

Nyumba nayo ina neno. Bati linazuia mawimbi, na zile kuta nene za mawe ya matumbawe za Mikindani zinazuia zaidi. Ndani ya nyumba hizo, kama una waifai, washa simu za waifai ikiwa mtandao wako unaruhusu; la sivyo dirishani ndiyo ofisi yako. Na wavuvi: kwa mpangilio wa kawaida wa 2G, mnara haumshiki mtu aliye mbali zaidi ya kilomita 35 hivi, hata kama bahari ni tambarare na taa za nchi kavu zinaonekana. Hapo hakuna simu ya bei gani itakayokusaidia.

Saa imerudi nyuma na salio limeyeyuka

Hii ni ya watu wa Newala ukingoni, Kitaya, Kilambo na bonde lote la Ruvuma. Uwanda wa Makonde unaishia kwa mteremko mkali unaotazama Msumbiji, na mawimbi hayajui mpaka. Simu iliyoachiwa ichague mtandao yenyewe inaweza kuukamata wa ng'ambo. Dalili iliyo wazi kuliko zote ni saa: Msumbiji iko nyuma yetu kwa saa moja, na simu inayojipangia saa itakuonyesha saa moja asubuhi wakati kwetu ni saa mbili. Simu zinaanza kukataa, au zinakubali na salio linaondoka kwa bei za nje, wakati mwingine hata kwa kupokea.

Ingia kwenye mtandao wa simu, waendeshaji wa mtandao, zima uchaguzi wa kiotomatiki, subiri orodha itokee, chagua mtandao wako. Zima na data ya nje ya nchi. Kama saa sahihi ni muhimu kwako, weka saa za eneo kwa mkono, Afrika Mashariki.

Ukishaenda kwa fundi

Mweleze majaribio uliyofanya. Fundi mzuri atafurahi, fundi anayetaka kukuuzia kioo atakunja uso. Kama suluhisho lake la kwanza ni kuflashi, yaani kuipakia simu programu zake upya, kataa. Kuflashi hakuzibui wavu wala hakuleti mnara, na kukifanywa ovyo kunafuta IMEI, zile tarakimu 15 zinazoitambulisha simu kwenye mtandao. Hapo unarudi nyumbani na simu inayowaka, inayocheza video za waifai, na isiyopiga kabisa. Hapa Tanzania IMEI si mapambo: usiku wa tarehe 16 Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizizima simu bandia zisizo na IMEI zinazotambulika. Kabla hujamkabidhi simu, bonyeza *#06# uandike tarakimu zinazotokea kwenye karatasi. Akikurudishia, bonyeza tena mbele yake. Zikiwa tofauti, au zikiwa sifuri tupu, simu haijapona, usimlipe.

Jaribu na mengine hapohapo kibandani: piga sikioni, piga kwa laudi spika, jirekodi video, weka kiganja juu ya kihisi uone kioo kinazimika.

Na kwa aliye shambani muda mwingi, ushauri wangu ni kitochi. Laini ya kupigia na ya kutumia pesa iwe humo, maana menyu za pesa kwa simu zinafunguka hata kwenye 2G, na chaji inakaa siku kadhaa. Simu janja ibaki na laini ya bando. Ila kitochi nacho kina wavu, na nacho kivalishwe mfuko wakati wa salfa.